Mgeni wa Meza ya Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Watu wakubwa wote huandika mambo yao, sijui mimi nilikuwa nangoja nini.

Kwa atakayesoma: mimi ndiye mgeni wa meza ya saba katika Chuo cha Ukarimu, chuo cha serikali, pale vijana wanapofundishwa kupika, kutandika vitanda vya hoteli na kuhudumia mezani. Kazi yangu ni kula. Usicheke. Kila siku ya kazi, mchana, naingia ukumbi wa mafunzo nikiwa mtu mwingine. Jumatatu mimi ni Kanali mstaafu mwenye hasira. Jumanne mfanyabiashara mwenye haraka. Jumatano mzee asiyesikia vizuri. Alhamisi tajiri anayerudisha kila sahani. Ijumaa mlevi, na hapo nakunywa chai iliyopoa tu, lakini nimeshawahi kumfanya mpita njia aniitie bodaboda anirudishe nyumbani. Wanafunzi wananihudumia, nawasumbua hasa, na mwisho yule aliyenihudumia anasimama mikono nyuma na kuuliza, "Nimepata ngapi, Mjomba?" Nami natoa alama.

Chuo kizima kinaniita Mjomba. Hata mkuu wa chuo.

Kazi hii niliipata kwa ulimi wangu. Nilikuja kurekebisha viti vya ukumbi, nikapewa chakula cha mchana, nikasema mbele ya watu kwamba supu ni baridi. Mkuu wa wakati ule akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, huyu asiondoke. Sijaondoka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nilikuwa na haraka. Vijana walichelewa na chumvi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo mkutano wa watumishi wote. Aliyetusomea taarifa ni Madamu Kengele, mkufunzi mkuu wa huduma. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kengele ndogo anayoigonga mwanafunzi akikosea. Ukiisikia ukiwa na trei mkononi unaweza kuiachia. Mwanamke mkavu huyu. Nimemjua siku zote hizi sijamwona akicheka kwa kisa changu hata kimoja, hata kile cha mamba aliyeingia jikoni melini.

Chuo kinatungiwa sheria. Mpaka sasa tumeishi kwa agizo la wizara tu, karatasi moja, na ndiyo maana hoteli kubwa zinavikataa vyeti vya vijana wetu. Sheria ikipita kutakuwa na Bodi, kutakuwa na mkurugenzi, na cheti chetu kitakuwa cheti kama cha wengine. Wote tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi.

Halafu Madamu akafika Jedwali la Tatu. Hilo ndilo lenye orodha ya kazi zote za chuo. Na kuna kifungu kinasema hakuna mtu atakayekula katika ukumbi wa mafunzo isipokuwa mwanafunzi, mtumishi aliyetajwa kwenye Jedwali la Tatu, au mteja aliyelipa.

Nikanyoosha mkono. "Madamu, mimi niko wapi hapo?"

Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Hupo, Mjomba."

"Funua nyuma."

"Nyuma ni karatasi nyeupe."

Bawabu yumo. Mkata majani yumo. Hata mtu wa kuua panya yumo, na panya wenyewe wamemzoea. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikasema labda nimewekwa kwenye sheria ya siri. Lakini niliona jinsi Madamu alivyofunga lile faili, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. Huyu ndiye aliyenitoa. Naapa.

Ijumaa, 8 Machi

Nililewa vizuri sana leo. Madamu hakugonga kengele.

Jumatatu, 11 Machi

Mama watoto amepiga simu. Yuko kwa binti yetu, mji wa mbali, alikwenda kulea mjukuu. Mjukuu alikuwa wa kubebwa mgongoni. Sasa anavaa sare anakwenda shule, na mama watoto bado analea.

"Mvua huko?" akauliza.

"Mvua! Juzi samaki wameanguka uwani. Nimeokota wawili."

"Wewe mwanamume, huachi tu." Akacheka. Nampenda akicheka simuni, ila kicheko kikiisha unasikia vyombo vya watu wengine nyuma yake. "Umekula?"

Nikamwambia nimekula kama Kanali. Sikumwambia habari ya jedwali.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nilimfundisha Kidoti. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, ana doti jeusi juu ya mdomo, mikono yake myepesi lakini macho yanakimbia. Meza zetu zote hutandikwa vyombo vya watu wawili. Mgeni akifika unamuuliza, "Mko wangapi leo, mheshimiwa?" Akisema yuko peke yake unaondoa vyombo vya pili kabla hajakaa sawasawa, na visigongane. Kidoti alinikaribisha, akanipa maji, akanipa orodha ya vyakula, na vyombo vya upande wa pili akaviacha.

"Sifuri," nikamwambia.

"Kwani vinakuuma nini, Mjomba? Vimekaa tu."

"Mwanangu, mtu mzima hawekwi mezani atazamane na sahani isiyo na mwenyewe. Chakula hakipiti."

Hili haliko kwenye kitabu cha chuo. Nimelitoa kichwani mwangu. Madamu alikuwa amesimama karibu, akasikia, akaandika kitu. Nikajua ananiandikia ubaya.

Jumanne, 19 Machi

Mvua usiku kucha na mchana. Wateja wa kulipa hawakuja hata mmoja. Nilikula peke yangu katika ukumbi mzima, wanafunzi wamejipanga ukutani wananitazama ninavyotafuna.

Ijumaa, 22 Machi

Koti la Kanali limefumuka kwapani. Nimempelekea fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyelishona kutokana na pazia lililotolewa ukumbini.

"Kamati ya bunge inakuja kusikiliza maoni," nikamwambia. "Wamenitaka mimi hasa."

"Wewe?"

"Mwenyekiti wao tulikuwa naye. Mimi ndiye niliyemfundisha kula samaki kwa uma."

"Mwenyekiti ni mwanamke, nimesikia redioni."

"Kwani wanawake hawali samaki?"

Fundi akauma uzi. Akanishonea lile kwapa. Nilikaa pale nikitazama sindano mpaka akaniuliza kama kuna nguo nyingine. Hakukuwa na nyingine. Chumbani kwangu mvua inaingia kwenye kona moja tu, ile ya upande wa kitanda alikokuwa analala mama watoto, kwa hiyo hainisumbui.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeona jambo leo ambalo sikulitafuta. Niliingia chumba cha kuoshea vyombo kuchukua kofia ya tajiri, nikamkuta Madamu Kengele anakula. Amesimama, sahani kaiweka juu ya beseni lililopinduliwa, anakula haraka huku anatazama ukuta. Mkufunzi mkuu wa huduma!

"Madamu, huna meza?"

"Nimezoea." Akafuta mdomo. "Mjomba, afadhali umekuja. Nimeandika barua kwa kamati kuhusu wewe. Nimewaeleza lile la vyombo vya pili. Watakuja, watakula hapa, na mwisho watakuuliza maswali."

Nikakosa pa kushika. "Wewe umeniandikia mimi?"

"Nani mwingine? Ila nakuomba kitu kimoja. Waambie ukweli. Ulikuja kurekebisha viti, ukasema supu ni baridi, na kweli ilikuwa baridi. Hiyo inatosha. Usiwaletee mamba."

"Yule mamba alikuwepo."

"Mjomba."

"Sawa, sawa."

Akarudi kwenye sahani yake. Nilitaka kumwambia njoo ukae meza ya saba, viti viko viwili. Sikusema, na sasa naandika.

Jumatano, 3 Aprili

Nafanya mazoezi ya kusema ukweli mbele ya kioo. Ni mfupi sana. Hata chai haijachemka umeshakwisha.

Jumatano, 10 Aprili

Kesho. Nimepiga pasi. Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Walifika watano na karani wao, miavuli inachuruzika. Mwenyekiti ni mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo. Mwingine alikuwa bwana mnene wa tai nyekundu, uso umekunjamana kama hajalala. Wanafunzi walikuwa wanatetemeka hata glasi zinaongea. Madamu aliwaambia asubuhi, leo wageni wote ni wa kweli isipokuwa Mjomba. Lakini Kidoti wakati huo alikuwa stoo anatafuta vitambaa, hakusikia.

Mimi nilikuwa meza ya saba, katika koti la Kanali ingawa haikuwa Jumatatu, maana Kanali ndiye mtu wangu bora. Nikaanza kunguruma kidogo. Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wanamtazama Tai Nyekundu.

"Hii ni supu au maji ya kuoshea vijiko?" akamwambia Kidoti.

Nikasimamisha kijiko changu hewani. Sauti ile! Mimi mwenyewe sijawahi kuifikia.

Kidoti hakubishana, hakucheka, hakujieleza. "Samahani mheshimiwa, naleta nyingine." Akaleta. Bwana akasema mkate mgumu, ukaondolewa. Akasema kiti kinayumba, kikabadilishwa. Akasema kuna upepo. Kidoti akafunga dirisha, akamgeuzia mgongo wa kiti upande wa mvua, akamwekea na kitambaa magotini. Yule bwana akaishiwa. Akala mpaka akafuta sahani. Nilikuwa naona fahari mpaka machozi, kwa sababu kila hatua ilikuwa yangu.

Basi alipoweka uma chini, Kidoti akasimama wima mbele yake, mikono nyuma, akauliza kwa sauti nzuri iliyosikika ukumbi mzima:

"Nimepata ngapi, Mjomba?"

Tai Nyekundu akainua uso. Unasikia mvua tu.

"Mimi mjomba wako?"

"Si... si wewe ni wa mazoezi?"

"Mazoezi ya nini?"

"Ya ubaya, mheshimiwa."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Alivua miwani, akajifuta, akavaa, akacheka tena. Tai Nyekundu naye mwishowe akacheka, akasema huko nyumbani kwake hawatamwamini. Madamu akasogea mbele akaeleza kila kitu: kwamba chuo kina mgeni wa kujifunzia, na kijana aliyemzoea huyo haogopi mgeni yeyote duniani, kama walivyoona kwa macho yao.

"Na huyo wa mazoezi yuko wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Meza ya saba."

Nikasimama. Watu wote wakageuka. Sina maneno ya kueleza jambo hili. Miaka yote wananitazama kwa sababu wanafundishwa kunitazama. Leo watu wazima, wakubwa wa nchi, waligeuka wenyewe.

"Mzee wetu," Mwenyekiti akasema, kwa heshima, "tunataka kulitia jambo hili kwenye sheria. Lakini tueleze, mtu anapataje kuwa mgeni wa aina yako? Wewe uliipatia wapi kazi hii?"

Nikamwona Madamu nyuma yake. Aligusa kiti kilichokuwa karibu naye, mara mbili, kwa vidole. Viti. Sema viti.

Nikafungua mdomo kusema viti.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi nimefanya kazi katika hoteli za daraja la juu, nchi za nje, miaka kumi na zaidi. Nimewamiminia vinywaji wafalme watatu."

"Watatu!"

"Wa nne alikuwa haniamini, alijimiminia mwenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Karani akawa anaandika. Nilikuwa naona kalamu yake inakimbia na mimi nikakimbia nayo: nikawapa hoteli yenye ngazi za dhahabu, nikawapa meli, nikawapa waziri aliyelia kwa sababu ya kitunguu. Mamba nilimwacha, kwa heshima ya Madamu.

"Hii ni sifa kubwa," Mwenyekiti akasema. "Basi sheria iseme hivyo hivyo. Karani, umeandika?"

"Nimeandika, mheshimiwa."

Makofi. Wanafunzi walipiga meza. Madamu Kengele peke yake alikuwa anakusanya glasi, moja moja, bila sauti.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimetembea mtaani watu wote wananisalimia. Au walikuwa wanakimbia mvua. Nimemweleza fundi. Ameuliza wafalme wa wapi.

Alhamisi, 18 Aprili

Wafalme sasa wamefika watano. Kidoti amepata kumi kwa kumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Madamu aliniita ofisini. Ofisi yake ina dirisha moja na kengele juu ya faili.

"Sheria imepita," akasema. "Upo, Mjomba. Jedwali la Tatu, mstari wa mwisho. Mgeni wa Mafunzo, nafasi moja."

Niliruka. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbatia mlango. Nikasema, kuanzia leo mnisalimie kwa kusimama, mimi ni mtu wa kisheria.

"Kaa chini, nimalizie. 'Awe amefanya kazi katika hoteli ya daraja la juu kwa muda usiopungua miaka kumi, na awe na uthibitisho wa maandishi.'"

Nikakaa.

"Maneno ni yako mwenyewe," akasema. "Wao wameyanyoosha tu. Nahitaji barua ya hoteli, hata moja."

"Iliungua."

"Zote?"

"Ule moto ulikuwa mkubwa, Madamu."

Hakunicheka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema, "Nilikuomba kiti tu. Ungesema kiti, wangeandika kiti."

Hotelini nilifika, asije mtu akasema sikufika. Nilikuwa upande wa nguo chafu, nasukuma kitoroli cha mashuka, na mlango wa ukumbi ukifunguka nilikuwa naona wageni wanakula, kidogo, kabla haujajifunga. Wale wote ninaowaigiza niliwaona kwa namna hiyo. Sikumwambia Madamu. Nikamwambia nitaitafuta barua.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua inapungua. Barua sina, basi nimerudisha kofia, fimbo ya Kanali na chupa ya mlevi. Koti wamesema nibaki nalo, ni pazia.

Ijumaa, 3 Mei

Nimekula chumbani. Ugali na maharage ya jana. Nilivirudisha jikoni mara moja, kwa mazoea, halafu nikavifuata.

Jumatatu, 6 Mei

Mama watoto amepiga.

"Binti kasoma gazetini chuo chenu kimepata sheria. Vipi wewe?"

"Mimi? Mimi nimo ndani! Maneno yangu yamechapishwa. Nani mwingine katika ukoo huu yumo ndani ya sheria ya nchi?"

"Hongera, baba." Akashusha sauti. "Nilikuwa nafikiria nije, mvua zikiisha. Mtoto sasa anakwenda shule mwenyewe. Lakini naona na wewe umezidiwa na kazi, nitakuja kukaa na nani mchana kutwa?"

Hapo palikuwa pa kusema. Palikuwa wazi kama lango.

"Ndiyo," nikasema. "Kazi ni nyingi mno."

"Basi tutaona mwisho wa mwaka."

Ni uongo mdogo kuliko wote niliowahi kusema, hauna hata mamba.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Godoro nimelitoa nje, kona ya mama watoto imekauka. Fundi amesema mbona siku hizi siendi kazini. Nikasema likizo ya kisheria.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda chuoni. Sheria inasema mteja aliyelipa, basi nililipa mlangoni kama watu wengine, nikavaa koti la Kanali, maana sina lingine zuri.

Meza ya saba ina mtu. Meneja mstaafu, ana barua zake zote, mzee mstaarabu. Anasema asante kwa kila kitu. Asante kwa maji, asante kwa kijiko. Vijana wanamzunguka wamelegea kama mboga. Wakikutana na Tai Nyekundu mwingine watakwisha.

Mimi nilikaa karibu na dirisha. Akaja Kidoti. Alinitazama, macho yake hayakukimbia hata kidogo.

"Karibu sana. Mko wangapi leo, mheshimiwa?"

Mkono wake ulikuwa tayari umefika kwenye vyombo vya upande wa pili. Vizuri sana. Ndivyo nilivyomfundisha.

"Wawili," nikasema.

Mkono ukarudi. Hakuuliza, hakucheka, hakujieleza. Akaviweka sawa, akajaza na glasi ya pili maji.

"Mwenzako akifika atapenda nini?"

"Chai. Maziwa yatangulie. Hapendi kikombe kikubwa."

"Ni mtu mkubwa?"

Nilikuwa na malkia mzima mdomoni, tayari na gari lake. "Ni mke wangu," nikasema.

Nikala supu. Chakula kilipita, nashangaa. Madamu Kengele alipita mara mbili, akaitazama sahani isiyo na mwenyewe, mkono kwenye kengele, asiigonge. Ukumbi ukaisha watu. Kidoti akaondoa vyombo vyangu vyote, vya upande wa pili akaviacha, akasimama mikono nyuma. Nilidhani ataniuliza alama, na mimi sina ruhusa ya kuzitoa tena.

"Tumwekee na kesho?" akauliza.

Nilitoka. Sikungoja kufika nyumbani, nilimpigia mama watoto pale pale nje ya lango, bawabu ananitazama. Nikamwambia sina kazi. Nikamwambia nimo kwenye sheria na sheria yenyewe ndiyo iliyonitoa. Nikamwambia godoro limekauka.

Nikasikia anaweka chini chombo alichokuwa anaosha. Halafu akauliza, "Umekula?"

"Nimekula. Wewe vyombo vyako wameviacha mezani."

"Vyombo gani?"

Nikamweleza tangu mwanzo. Sikuongeza kitu, ila kwenye supu tu. Nilimwambia ilikuwa baridi.